Namna ya kuandaa azimio la Baraza la Madiwani la kumpongeza daktari

Wananchi wa Moshi wanapotaka kumshukuru daktari aliyewatumikia kwa miaka mingi, aghalabu humwandalia hafla na kumkabidhi zawadi. Azimio la Baraza la Madiwani huongeza jambo ambalo hafla haina: huingia katika kumbukumbu rasmi za kikao, na litasomwa hata na watu wasiomfahamu daktari huyo. Halina nguvu ya sheria wala halitoi cheo. Thamani yake yote imo katika ukweli wa maneno yake, na kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye ushahidi.

Hatua ya kwanza ni kumpata mjumbe wa kuwasilisha hoja. Anaweza kuwa diwani wa kata, diwani wa viti maalumu, au mbunge wa jimbo, ambaye naye ni mjumbe wa baraza. Kabla ya hapo, mwombeni daktari mwenyewe ridhaa.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi, na hapa msiharakishe. Kila dai liwe na karatasi inayolithibitisha: cheti cha shahada, usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika, barua ya uteuzi, au maelezo ya mwajiri yenye muhuri. Linganisheni miaka na historia ya taasisi zenyewe. Mtu akisema daktari alianza kutibu wagonjwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, mwaka 1968, dai hilo haliwezi kusimama, kwa maana hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971. Vilevile, daktari aliyefundisha katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza KCMC mwaka 1992, atajwe kwa somo alilofundisha na miaka aliyofundisha. Asipewe sifa ya kukijenga peke yake, kwani kufanya hivyo ni kuwadhulumu wenzake.

Hatua ya tatu ni kuandika. Mabunge ya majimbo ya Marekani, ambayo hupitisha maazimio ya namna hii kwa wingi, hutumia muundo unaofaa hata kwetu: aya za sababu, kisha aya ya uamuzi. Kwa mfano:

KWA KUWA Daktari (jina) alihudumu katika Hospitali ya Mawenzi tangu mwaka (…) hadi mwaka (…); NA KWA KUWA katika kipindi hicho aliwafundisha wauguzi wa zahanati huduma ya dharura kwa wajawazito; HIVYO BASI, Baraza hili linaazimia kumpongeza na kuagiza kwamba akabidhiwe nakala ya azimio hili.

Aya nne au tano za sababu zinatosha. Maneno kama “bingwa asiye na kifani” yaondoeni, kwa kuwa hakuna anayeweza kuyathibitisha.

Hatua ya nne ni kumpelekea Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, notisi ya hoja kwa maandishi, kwa kufuata muda uliowekwa katika Kanuni za Kudumu za halmashauri. Mikutano ya kawaida hufanyika kila robo mwaka, hivyo mkichelewa mtasubiri miezi mitatu.

Maswali na majibu

Swali: Shikamoo mwalimu. Daktari wetu amekwisha kufariki. Je, bado inawezekana?

Jibu: Marahaba. Inawezekana. Azimio litakuwa la kumuenzi, na nakala atakabidhiwa mjane au watoto, ambao ni lazima waombwe ridhaa mapema na wasomewe rasimu.

Swali: Tunaweza kumtaja mgonjwa aliyemponya?

Jibu: Msimtaje bila idhini yake ya maandishi. Siri ya mgonjwa haifutwi na nia njema, na kumbukumbu za baraza husomwa na wengi. Elezeni huduma yenyewe, inatosha.

Swali: Daktari wetu ni mzaliwa wa Marangu, lakini anafanya kazi Texas. Tuanzie wapi?

Jibu: Marangu iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, si Manispaa, hivyo mwoneni diwani wa kata yake huko. Kwa upande wa Texas, yeye au wenzake wamwendee mwakilishi wa eneo analoishi. Bunge la jimbo hilo hukutana kwa kawaida kuanzia Januari ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 140, na azimio la pongezi linalopitishwa na chumba kimoja cha Bunge hilo (Seneti au Baraza la Wawakilishi) halihitaji saini ya gavana. Tumeni huko mapema nakala za vyeti vya shule alizosoma daktari huku nyumbani, kwa sababu waandishi wa rasimu kule hawatakuwa nazo.