CV yako inakwama wapi? Maneno ya mchapaji wa Buzuruga

Wakuu, mimi nina kastesheni kadogo karibu na stendi ya Buzuruga hapa Mwanza, nachapa, natoa kopi, nalamineti, na serikali ikitangaza ajira tu foleni inafika mpaka kwa muuza chipsi. CV nilizochapa sina idadi yake, na niseme ukweli, haya makosa mengine nimeyafanya mimi mwenyewe kwa kukimbizana na foleni.

Baba lao ni hili la "bro fungua CV yoyote iliyopo humo, badilisha jina tu". Jamaa mmoja alikuwa anaomba kazi ya stoo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, akaja na CV ya rafiki yake mwalimu, tukabadili jina, namba, shule, sijui nini, pale juu kwenye lengo tukasahau, likabaki "kuinua ufaulu wa wanafunzi". Hakuitwa. Dawa yake ni kukaa na lile tangazo la kazi, pigia mstari kila kitu wanachotaka, halafu angalia kama ukurasa wako wa kwanza unavijibu. Wanataka mtu wa stoo basi anza na kuhesabu mzigo, kujaza fomu za kupokea na kutoa, kompyuta kama unaijua, mambo ya ukiranja wa shule ya msingi achana nayo.

Lingine, na hili ndo linaniuma, watu wanaficha kazi walizofanya kweli. Alikuja dada kamaliza chuo 2021, CV yake inasema chuo halafu kimyaa mpaka leo. Namuuliza miaka yote hiyo ulikuwa wapi, anajibu kwa aibu, "aah kaka, nilikuwa nauza tu dagaa sokoni Mwaloni". Tu?! Mtu ananunua mzigo kwa wavuvi wa visiwani Ukerewe, anajua dagaa waliokauka vizuri na walionyeshewa, anabishana bei na wanunuzi wanaopeleka mpaka Kongo, ana daftari la madeni, halafu anasema hana uzoefu. Tukaandika: Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba, 2021 hadi 2024, chini yake mistari mitatu, anauza magunia mangapi kwa wiki, ana wateja wangapi wa kudumu, mahesabu anayatunza vipi. Weka namba, ila ziwe za kweli, maana kwenye usaili watakuuliza gunia lako lilikuwa na kilo ngapi na hapo mimi sipo wa kukujibia. Bodaboda, uwakala wa pesa, kumsaidia mjomba dukani, vyote hivyo ni kazi, andika.

Majina nayo. Cheti cha form four Magreth, cha chuo Margaret, kitambulisho cha taifa cha NIDA wamekata jina la katikati. Hiyo haiponi kwenye CV, nenda kwa wakili mapema ukaweke majina sawa kisheria, usingoje zibaki siku mbili tangazo lifungwe. Na hawa wa ajira za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kabisa kwamba slipu za matokeo ya form four na six hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe, lakini kila mara mtu anapakia slipu, tena kaipiga picha na simu, kivuli cha kidole hicho hapo.

Wadhamini, wapigie kwanza. Kuna kijana mdhamini wake alipigiwa akasema huyo simjui, kumbe anamjua kwa jina la utani la mpirani.

Vidogo vidogo: kurasa mbili zinatosha. Dini na kabila toa. Picha weka wakiomba. Imeili ya utani uliyofungua form two tengeneza nyingine yenye majina yako, bure tu hiyo. Hobi za kusafiri na kupata marafiki wapya mimi siku hizi nazifuta bila kuuliza. Tuma kwa PDF, maana Word ukiifungua kwenye mashine nyingine mistari inahama. Na faili liite kwa jina lako, sio "cv mpya ya mwisho 3".

Halafu ukimaliza hapo stesheni toka kwenye imeili yako na ufute vyeti vyako kwenye mashine. Hapa nilipo deskitopu yangu ina NIDA za watu kama kumi na tano, wenyewe wameshaenda zao Igoma.