Kabla ya Kuvuta Upote (Kamba ya Upinde): Mshale Wako Una Uzito Gani?

Anayenunua upinde wa kisasa wa kapi hukimbilia kusoma kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa kawaida kasi hiyo hupimwa kwa upinde wa pauni 70 (nguvu inayohitajika kuuvuta), uliovutwa inchi 30, kwa mshale wa greini 350 (greini ni kipimo kidogo cha uzito; gramu moja ina kama 15). Gawanya, utapata greini 5 kwa kila pauni, na hapo ndipo ukingoni mwa usalama. Mshale mwepesi huenda kasi zaidi, kwa hiyo muuzaji ana sababu zake za kukufikisha huko, wewe huna.

Nguvu uliyoiweka kwenye upinde kwa kuuvuta lazima iende mahali. Mshale mzito huondoka na sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mwepesi mno huiacha nyuma, ikarudi kwenye mikono ya upinde, kapi na upote. Ni kama kupiga teke mpira ukaukosa: goti ndilo linaloumia. Mikono hupasuka, upote hukatika, na uso wako uko karibu kabisa na vyote hivyo.

Kwa hiyo anza na hesabu. Upinde wa pauni 60 mara 5 ni greini 300, kama gramu 19 na nusu. Usishuke hapo, na kama kitabu cha upinde kinataka zaidi, fuata kitabu. Kwa kuwinda kulungu kule Marekani, mimi ningeanzia greini 6 na nusu au 7 kwa pauni. Mshale utashuka mapema kidogo ukienda mbali, lakini upinde utapunguza kelele, na kulungu hushtuka kwa mlio kabla mshale haujamfikia. Upinde wa mbao usio na kapi unataka zaidi, greini 8 hadi 10.

Pima mshale uliokamilika. Uti wa inchi 29 wenye greini 8.5 kwa inchi ni kama 246. Ongeza chembe (ncha ya mshale) ya 100, kishikio chake cha ndani 20, manyoya 21 na kishikizo cha upote 10, unapata 397. Badilisha uti uwe wa greini 5.5 kwa inchi, ukate hadi inchi 28, uweke chembe ya 75 na vikorokoro vyepesi, jumla inashuka karibu 265. Kwa macho, mishale hiyo miwili haina tofauti.

Mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima haifai, maana gramu moja ni greini 15.4. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Ukikaza skrubu za upinde kutoka pauni 60 hadi 70, mshale wako wa greini 320 umeshakuwa hatari bila kuguswa. Mishale ya kuazima nayo ipimwe, hata kama ni ya rafiki.

Uzito peke yake hautoshi. Uti laini kuliko nguvu ya upinde unaweza kuvunjika unapoachiwa, na chembe nzito huufanya ulegee zaidi. Uti wa kaboni ukunje kidogo pande zote kabla ya kila mfyatuo, usikilize. Uti ukitoa mlio, au ukiona nyuzi zimeinuka, uvunje kabisa asije mwingine akautumia. Vipande vyake huingia mkononi na kutoka kwa upasuaji.

Na upote ukiachiwa bila mshale, hata mara moja tu, usivute tena. Mpelekee fundi kwanza, akague mikono na kapi.