Somo: Karakana ya mabehewa kwenye ubao wa sentimita 120

Watu wakija kwangu kutazama reli yangu ndogo ya modeli, treni inayotembea huitupia jicho mara moja tu. Kisha wanainama pembeni, kwenye behewa lililoinuliwa juu ya jeki nne, upande mmoja halina hata gurudumu moja, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Somo hili ni la wale waliouliza: jinsi ya kujenga karakana ya mabehewa ya mizigo kwenye nafasi ya sentimita 120 kwa 35, yaani juu ya kabati la vyombo.

Sikuiga karakana yoyote iliyopo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina karakana zake kubwa Dar es Salaam na Mpika, Zambia, na ukitaka kujenga moja ya hizo kwa kipimo kamili, jiandae kuhamisha watoto chumbani. Yangu ni ya kubuni, iko mahali fulani Nyanda za Juu Kusini, udongo mwekundu, mvua nyingi.

Hatua ya 1: Kipimo

Njia ya TAZARA, kilomita 1860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1067. Gawa kwa 120 unapata 8.9. Njia za modeli aina ya N zinazouzwa madukani zina upana wa milimita 9. Umeona? Kwa kipimo cha 1:120 njia ya dukani inakufaa bila kuigusa. Wenzetu wa New Zealand, ambao reli yao nayo ni ya 1067, wanafanya hivyo miaka mingi na wanakiita NZ120.

Kwa hiyo behewa la mita 13 linakuwa milimita 108. Kontena la futi 20 ni milimita 50 na ushee, la futi 40 ni 102. Mtu mzima ana milimita 14.

Tahadhari moja. Mabehewa ya N ya dukani ni ya 1:160, ya Uingereza 1:148, ya Japani 1:150. Yote ni madogo kwetu. Tunachukua njia, chasisi ya injini na ekseli. Maboksi ya mabehewa tunajenga wenyewe kwa kadi ngumu au plastiki.

Hatua ya 2: Njia

Usiweke mzunguko. Karakana haina treni inayozunguka. Ina injini ndogo inayosukuma na kuvuta mabehewa mawili matatu, polepole, siku nzima. Mwingereza Alan Wright aliwahi kubuni mchezo wa kupanga mabehewa unaoitwa Inglenook: pointi mbili (pale njia inapogawanyika), njia tatu, mabehewa manane. Wenyewe una njia ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, lakini kwa mabehewa yetu hautatoshea ubao huu. Punguza: njia moja ya mabehewa matatu, mbili za mawili mawili, na mabehewa matano kwa jumla.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Behewa pamoja na kapla zake, yaani viunganishi, ni milimita 115. Njia ambako injini huyavuta mabehewa kabla ya kuyabadilisha njia lazima ibebe injini na mabehewa mawili: 120 na 230, jumla 350. Pointi mbili namba 4 za kampuni ya Kato, kila moja milimita 126, ni 252. Njia ndefu 345. Ongeza 70 za nafasi ili behewa lililosimama lisigongwe na linalopita kwenye pointi. Unafika kama milimita 1017, na ubao una 1200. Nafasi inayobaki usiijaze. Utaihitaji.

Mchezo wenyewe: andika namba za mabehewa kwenye vikaratasi vitano, chomoa vitatu. Hayo ndiyo yamepona, yapange kwa utaratibu huo kwenye njia ndefu yaondoke. Kuna mipangilio 60, kwa hiyo hutachoka mapema.

Halafu ongeza njia ya nne ya uongo. Haiungani na kitu chochote. Inatokea ndani ya jengo na kuishia ukingoni mwa ubao. Hapo ndipo litakapokaa lile behewa la kwenye jeki, bila kukulia nafasi ya kuchezea.

Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa MDF. Masika ilipoingia ukavimba pembeni na pointi ikapinda kama chapati. Sasa natumia plaiwudi ya milimita 9, nimeipaka rangi pande zote mbili kabla ya kupigilia chochote.

Hatua ya 3: Ardhi

Mbele ya jengo pawe na sakafu ya zege iliyo sawa na reli, maana foklifti haipiti juu ya kokoto. Kati ya reli mbili bandika ukanda wa kadi wa upana wa milimita 7, ili kila upande ibaki milimita moja ya flenji, ule ukingo wa gurudumu, kupita. Juu ya kadi pawe chini ya reli kidogo sana, unene wa karatasi mbili tu. Ikizidi reli, injini itapanda juu ya kadi na kukosa umeme, nawe utakesha ukitafuta waya uliokatika.

Nje ya zege, tumia udongo mwekundu halisi. Ukaushe juani, uchekeche kwa soksi ya nailoni, kisha upitishie sumaku mara kadhaa. Usiruke hatua hiyo ya sumaku. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo hupenda mota kuliko nzi wanavyopenda embe. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tone moja la sabuni ya vyombo ndani yake ili isambae.

Mataruma ya TAZARA ni ya zege, si ya mbao. Njia za dukani nyingi zina mataruma ya kahawia. Yapake rangi ya kijivu kilichofifia, ukishamaliza uyachafue kwa kahawia ya vumbi la breki.

Hatua ya 4: Magurudumu

Hapa usiwe na haraka. Wengi hukimbilia jengo, wakimaliza wanatupa magurudumu mawili matatu nje kama mapambo. Mimi nakwambia anza na magurudumu, jengo lije baadaye. Karakana bila rundo la magurudumu ni ghala tu.

Gurudumu la behewa la kisasa huwa na kipenyo cha karibu milimita 840 hadi 915. Kwa kipimo chetu ni milimita 7 hadi 7.6. Unahitaji ekseli ishirini hivi, na kuzinunua ni gharama. Nenda kwa fundi viatu. Ana vyuma vya kutobolea ngozi vya kila kipimo. Mpe majalada ya mafaili ya zamani akutobolee miduara ya milimita 7 na ya milimita 8. Bandika miwili ya 7 juu ya mmoja wa 8: ya 7 ndiyo sehemu inayokanyaga reli, wa 8 ndio flenji. Flenji itakuwa nene kupita kiasi, lakini hata magurudumu ya N ya dukani yako hivyo. Ekseli ni kijiti cha kuchokolea meno, ukiacha nafasi ya milimita 7.5 kati ya migongo ya magurudumu.

Rangi ndiyo inayosimulia. Ekseli zilizotoka kwenye mashine ya kuchonga zina mng'ao wa fedha pale tu gurudumu linapokanyaga reli. Diski na ekseli yenyewe ni kutu. Zilizoingia jana kutoka njiani zina ule uso wa kukanyagia uliofifia, na beringi zimejaa vumbi na grisi. Zilizokataliwa zimepigwa alama ya rangi nyekundu, kutu imezila zote. Ziweke makundi matatu kwenye vipande vya reli sambamba na jengo, zisichanganyike. Anayeijua kazi ataona mara moja kwamba pale pana utaratibu.

Kwa nini gurudumu linaletwa? Flenji imekuwa nyembamba kwa kusuguana na kona. Uso wa kukanyagia umechimbika katikati. Au breki ziling'ang'ania, gurudumu likaburuzwa na kupata bapa, lile linalogonga tap-tap-tap treni ikipita. Moja nililifanyia bapa kwa msasa. Hakuna anayeliona, mimi najua lipo.

Hatua ya 5: Mgonjwa

Bogi nyingi za mizigo, yaani fremu zinazobeba magurudumu chini ya behewa, ni za vipande vitatu: fremu mbili za pembeni na boriti moja ya katikati inayokaa juu ya springi. Kwa hiyo usioneshe bogi nzima tu. Tenganisha moja: fremu mbili zimelala kwenye mbao, boriti kando yake, springi nane ndani ya boksi. Springi tengeneza kwa waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sindano.

Jeki za nguzo ziwe nne, mbili kila upande, urefu milimita 21, rangi ya njano. Behewa liinuke milimita 9 tu, kama mita moja ya kweli, na chini yake bogi moja imekwisha kuvutwa nje, nyingine bado. Ukizitoa zote mbili behewa linaonekana limetupwa. Ikibaki moja, kazi inaendelea.

Nilichagua behewa la wazi la kubeba shaba. Sahani za shaba kutoka Zambia na Kongo ni nzito. Mzigo mdogo kwa macho unalitosha behewa zima. Ubavuni niliandika kwa penseli nyeupe iliyochongwa sana, mithili ya chaki: tarehe, mshale, na duara kwenye sehemu iliyopasuka. Tena kibati kipya kilichochomelewa kiwe na rangi tofauti na behewa. Karakana haipaki behewa zima kwa sababu ya kiraka kimoja.

Hatua ya 6: Jengo

Nusu jengo inatosha. Nguzo za chuma kila milimita 50, upana 75 likiegemea ukuta wa nyuma, kimo 62 hadi chini ya paa, urefu 300. Milango milimita 35 kwa 42. Mabati: karatasi ya alumini ya jikoni, ikandamize juu ya kitana chenye meno membamba kwa ncha ya kalamu isiyo na wino. Upande wa mbele acha wazi kabisa. Ndani weka winchi ya juu, mitungi ya gesi imefungwa mnyororo, mashine ya kuchomelea, na redio.

Maswali ya wanachama

Pwani Modeli (Mombasa): Ndugu, mimi nataka karakana ya SGR yetu. Nitumie hiyo hiyo 1:120?

Hapana, usijiumize. SGR ni milimita 1435. Gawa kwa 160 unapata karibu 9 kamili. Njia ni ile ile, kipimo badilisha kiwe 1:160, na mabehewa ya dukani yatakufaa moja kwa moja. Ila jengo lako lipunguze: milimita 50 zangu za nguzo ziwe 37.5.

Binti wa Mlimba: Kaka, mimi nina reli ya kati, ya mita moja. Tofauti itaonekana?

Mita moja kwa 120 ni milimita 8.3, njia ni 9. Ukitazama kutoka mbele ya injini utaona, kwa pembeni hutaona. Jambo litakalokusaliti ni mataruma, dada. Ya zege yafute. Reli ya kati ina sehemu nyingi za mataruma ya chuma. Ukitaka kuonesha njia zote mbili, soma habari za Kidatu, ambako mwaka 1998 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo kati ya TAZARA na reli ya mita moja. Lakini hilo ni somo jingine na ubao mwingine.

Kasumbalesa: Bwana, huku Lubumbashi reli yetu ni 1067 pia. Kila kitu sawa?

Kipimo sawa kabisa. Tofauti yenu ni nyaya za umeme juu ya baadhi ya njia. Karakana ya mabehewa usiiwekee waya ndani. Winchi ya juu itapita wapi?

Mstaafu wa Reli: Kijana, kazi nzuri, lakini utaua mtu. Kwenye picha yako behewa liko juu ya jeki na hakuna kibao chekundu njiani. Injini ikiingia je? Pointi inafungwa kwa kufuli, ufunguo anakaa nao fundi anayefanya kazi. Na ile bogi iliyobaki haina kabari. Halafu hao mafundi wako wawili wamesimama chini ya behewa linaloinuliwa.

Shikamoo mzee. Nimekosa. Kabari nimekata leo kutoka kwenye kijiti cha kiberiti, mbili kila ekseli. Kibao ni cha milimita 4 kwenye pini, kimekaa mbele ya mlango. Kufuli kwa 1:120 sikuiweza, nimeweka kitone cha rangi ya shaba kwenye wenzo wa pointi. Mafundi nimewahamishia kwenye rundo la magurudumu.

Mstaafu wa Reli: Marahaba. Stendi je? Behewa likishainuka linakalishwa kwenye stendi za chuma, halining'inizwi kwenye jeki wakati mtu anafanya kazi.

Stendi nazianza kesho, mzee.