Ngono ya mdomo na hofu ya malengelenge: la kufanya tangu leo hadi wiki ya kumi na mbili

Kabla hujakimbilia duka la dawa au maabara, jibu kwanza swali hili: mdomo ulikuwa wa nani, na sehemu za siri zilikuwa za nani? Katika ngono ya mdomo, hatari ya malengelenge haiwalemei wote wawili kwa uzito mmoja, na wengi wanaokosa usingizi wanaogopa upande usio wao.

Malengelenge husababishwa na virusi vya aina mbili, HSV-1 na HSV-2. HSV-1 makao yake makuu ni mdomoni. Ndiyo inayoleta vile vipele vya majimaji vinavyoibuka pembeni mwa mdomo mtu akiwa na homa au uchovu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanayo, yaani asilimia 64, na wengi waliipata utotoni kwa busu la mzazi au jamaa. HSV-2 hukaa zaidi sehemu za siri, na inakadiriwa kuwamo kwa watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49.

Kwa hiyo njia kuu hapa ni HSV-1 kutoka mdomoni kwenda uumeni, ukeni au mkunduni. Aliyefanyiwa ndiye mwenye sababu zaidi ya kujichunguza. Aliyetumia mdomo anaweza kuambukizwa HSV-2 mdomoni, lakini hilo hutokea kwa nadra, na hata ikishaingia huko mara nyingi hutulia bila kuibuka tena.

Mambo mawili mengine hubadilisha hesabu. La kwanza ni kidonda. Hatari huwa juu kabisa kuanzia ngozi inapoanza kuchonyota, kabla hata ya kipele kuonekana, hadi gamba linapodondoka. Pasipo kidonda hatari hushuka sana, ila haiishi, kwa sababu siku moja moja virusi hutoka kwenye ngozi inayoonekana salama kabisa. La pili ni historia yako mwenyewe. Kama tangu zamani hutokwa na vipele hivyo vya mdomoni, mwili wako una kingamwili za HSV-1, na kuipata upya sehemu nyingine ya mwili ni vigumu.

Saa za mwanzo

Nawa kwa maji na sabuni ya kawaida kama ungenawa siku yoyote, basi. Spiriti, limau, maji ya chumvi kali au dawa ya kusafishia vidonda haviui virusi vilivyokwisha kuingia. Huunguza ngozi laini, na siku tatu baadaye utakuwa na wekundu na michubuko usiyoweza kuitofautisha na malengelenge. Usijioshe ndani ya uke.

Malengelenge hayana dawa ya kuzuia maambukizi baada ya tendo, kwa hiyo kumeza asikloviri, dawa ya kutibu malengelenge, ukiwa mzima hakupendekezwi. Usichanganye jambo hili na VVU. Ngono ya mdomo ina hatari ndogo sana ya VVU, lakini kama kulikuwa na damu, kama mliingiliana pia ukeni au mkunduni, au kama ulilazimishwa, nenda kituo cha afya mara moja uulizie PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tendo. Dawa hizo huanza ndani ya saa 72, na kila saa ina maana.

Siku ya 2 hadi ya 12

Dalili zikija, kwa kawaida huja kati ya siku ya 2 na ya 12, mara nyingi karibu na siku ya 4. Jiangalie mara moja kwa siku, penye mwanga mzuri, kwa kioo cha mkononi. Anayejichunguza kila saa huishia kusugua ngozi hadi iwe nyekundu, kisha anaogopa wekundu huo.

Mwanzo wake ni mahali pamoja panapowasha au kuwaka, kwa saa chache hadi siku nzima. Panakuwa pekundu. Kisha vinatokea vipele vidogo vilivyosongamana, vimejaa maji meupe kama matone ya umande juu ya ngozi nyekundu. Baada ya siku moja au mbili hupasuka na kuacha vidonda vya juu juu, vibichi, vinavyouma hata vikiguswa na nguo, na mara nyingi kimoja huungana na kingine. Penye ngozi kavu hufunga gamba. Penye ute hupasuka upesi hivi kwamba huenda usione lengelenge lolote, vidonda tu. Mara ya kwanza mwili mzima hushiriki: homa, kichwa kuuma, mitoki kinenani, mkojo kuchonyota. Bila dawa, kupona huchukua wiki 2 hadi 4.

Kipele kimoja chenye unywele katikati ni kinyweleo kilichovimba baada ya kunyoa. Vidoa vidogo vinavyofanana, vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume, visivyouma na visivyobadilika, ni maumbile. Mchubuko mrefu kama mstari huenda ni wa jino. Muwasho wenye uchafu mzito mweupe huelekea kuwa fangasi. Lakini kidonda kimoja kigumu kisichouma kisikutulize: hivyo ndivyo kaswende inavyoanza, kati ya siku 10 na 90 baada ya tendo, na hupimwa kwa damu.

Siku ya 12 ikipita salama, hiyo ni habari njema. Si uthibitisho kamili, kwa kuwa wapo wanaoambukizwa bila dalili au kwa dalili ndogo wasizozitambua.

Kinachopimwa ni kidonda

Hapa ndipo pesa na amani ya moyo hupotea zaidi. Mtu anapima damu siku ya tatu, jibu linasema ana HSV-1, anaamini ameipata juzi. Kingamwili za damu huchukua wiki 12 hadi 16 kujitokeza kwa uhakika, kwa hiyo jibu la siku ya tatu linazungumzia miaka iliyopita. Tena halisemi virusi vimekaa mdomoni au chini. Kipimo cha IgM, yaani kingamwili za mwanzo, kikataeni wewe na daktari wako: huweza kuwa chanya hata kwa maambukizi ya zamani na hakitegemeki. Jibu la IgG (kingamwili zinazodumu) ya HSV-2 likija chanya, omba namba yake. Katika vipimo vinavyotumika sana, namba kati ya 1.1 na 3.0 mara nyingi huwa chanya ya uongo, na inahitaji kipimo cha pili cha aina tofauti. Asiye na dalili, kwa kawaida, hapaswi hata kuanza na damu.

Ukiona kidonda, nenda siku hiyo hiyo au ndani ya saa 48, kingali kibichi. Usipake jivu, poda wala malhamu kabla ya kupimwa. Mhudumu hupasua lengelenge na kusugua kijiti cha pamba kwenye sakafu ya kidonda. Kwa sekunde chache huuma. Akigusa juu juu tu, virusi vinaweza vikakosekana, basi mwombe asugue. Omba kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi na kutaja aina, HSV-1 au HSV-2, maana hiyo ndiyo inayoonyesha mbele kukoje: HSV-1 ya sehemu za siri hurudi mara chache kuliko HSV-2, na hupungua upesi baada ya mwaka wa kwanza. Jibu hasi kutoka kwenye gamba kavu halitoshi kukuondolea shaka.

Usisubiri majibu ndipo uanze dawa. Kwa mara ya kwanza, dozi ya kawaida ya mtu mzima ni asikloviri miligramu 400 mara 3 kwa siku, au valasikloviri gramu 1 mara 2 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72. Mwenye ugonjwa wa figo amwambie daktari ili dozi ipunguzwe. Krimu ya kupaka haifikii vidonge. Mkojo ukichonyota, jimwagie maji ya uvuguvugu huku unakojoa. Nawa mikono kila ukigusa vidonda, na usiguse macho.

Ukishindwa kukojoa, kichwa kikiuma sana na shingo ikakakamaa, au jicho likiuma na kuwa jekundu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mjamzito au mwenye kinga dhaifu asisubiri dalili zizidi. Katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, mwenye kutokwa na vipele vya mdomoni asimfanyie mjamzito ngono ya mdomo kabisa: maambukizi mapya karibu na kujifungua ndiyo yanayomhatarisha mtoto zaidi.

Kumuuliza mwenzako

Ukimuuliza mpenzi wako kama ana malengelenge, atasema hana, na atakuwa anasema anavyojua. Muulize hivi: "Huwa unatokwa na vipele pembeni mwa mdomo ukiwa na homa?" Akikubali, siku za vipele acheni ngono ya mdomo hadi ngozi ipone kabisa. Siku nyingine tumieni kondomu kwenye uume. Kwa uke au mkundu, kata ncha na ukingo wa kondomu mpya, ipasue kwa urefu, uitandaze. Usiipake mafuta, kwa sababu mafuta huilegeza mipira ya lateksi hadi ichanike.

Na kabla ya kumlaumu, kumbuka kwamba mlipuko wa kwanza unaweza kuja miaka mingi baada ya maambukizi. Kama mnahitaji kujua, damu ya siku ile ile ya kidonda husaidia: PCR chanya na IgG hasi ya aina hiyo maana yake maambukizi ni mapya. Zote mbili zikiwa chanya tangu siku ya kwanza, virusi vilikuwamo mwilini kabla ya usiku ule.