Gari haiwaki asubuhi? Anza na betri kabla hujamwita fundi

Jamani sisi wa Tanga, hasa mnaolaza gari karibu na bahari kule Raskazone, gari ikigoma kuwaka msikimbilie kununua stata (mota inayozungusha injini iwake). Sikiliza kwanza. Ukizungusha swichi ikalia tak-tak-tak na taa za dashibodi zinafifia, hapo ni betri au vichwa vyake. Fungua boneti uangalie, utakuta unga mweupe au wa kijani umeganda kwenye hivyo vichwa (temino), kwangu ulikuwa umejaa mpaka nati haionekani na nilikuwa nimeshaambiwa ninunue betri mpya! Zima gari, toa waya wa hasi kwanza, halafu chanya, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua na brashi ya waya mpaka temino zing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza ndio hasi, kaza, paka grisi. Dakika kumi tu.

Ukiwa na mita ya kupima volti, betri nzima inasoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12 imeisha chaji, ibusti (unganisha kwa waya na betri ya gari nyingine). Gari ikiwaka pima tena, isome 13.5 mpaka 14.5, chini ya hapo angalia oltaneta, ndiyo inayochaji betri.

Ikilia tak moja tu na taa zinawaka vizuri, hapo ndio stata.

Na kama injini inazunguka vizuri ila haishiki, betri iache, angalia mafuta, fyuzi ya pampu, halafu plagi.