Jinsi ya kupata nyimbo zenye maneno ya kweli, sio kelele tu

Kama na wewe asubuhi unabandika chai, unawasha simu, nyimbo kumi zinapita zote kiuno na pombe na ukizima hukumbuki hata moja, basi ngoja nikwambie mi nilivofanya.

Kwanza usiiachie simu ikuchagulie, Yutubu itakupa ulichosikiliza jana, ndo kazi yake. Kaulize mtu mzima. Mi nilimuuliza mama mkwe tunachambua mchele, nikamwambia mama, wimbo gani ukipigwa redioni mlikuwa mnanyamaza wote? Uliza hivohivo, ukisema "wimbo gani mzuri" atakutajia wa harusi yake. Akasema Shida, ule wa Mbaraka Mwinshehe, afu akaanza kuuimba na ungo mapajani, mchele na mawe vikarudi kuchanganyika na wala hakujali. Nikajua hapo nimepata.

Ukishaupata, zima muziki uandike maneno kwenye daftari, kisha yasome kama unamhadithia jirani. Maneno mengi ya siku hizi hapo yanakufa, unabaki na "beibi" kumi na sita. Lakini chukua ule wimbo Kijiti wa Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay 1928 huko, ni kisa cha kweli cha Unguja, mwanamke ameuawa, muuaji katoroka na waliofungwa ni mashahidi. Huo hata bila udi wala fidla mtu anakaa chini akusikilize.

Na usiwe na haraka! Nyimbo za dansi, za bendi kama Sikinde, Msondo na wenzao, zinaanza taratibu, hapo ndo kisa chenyewe kinaelezwa, baadae linakuja chemko watu wacheze. Sisi tumezoea kusogeza mbele mpaka chemko, afu tunalalamika nyimbo za zamani hazina ujumbe, sasa ujumbe si umeuruka mwenyewe.

Halafu ukweli sio lazima huzuni. Remmy Ongala aliimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu kipindi UKIMWI unamaliza watu na wengi wanaona aibu hata kulitaja jina, redio ya serikali ikagoma kuupiga, na bado unachekesha. Vijana nao wapo, Ndio Mzee wa Profesa Jay ni mgombea anaahidi kila kitu na watu wanaitikia tu, afu mwenyewe 2015 akawa mbunge wa Mikumi, hapo cheka peke yako.

Mwisho usijaze nyimbo mia mbili kwenye simu, utarudi kulekule. Mi nachukua mmoja wiki nzima, naupiga nikiosha vyombo, simu naiweka ndani ya sufuria kavu sauti inakuwa kubwa bila spika. Siku ya kwanza nasikia gitaa, ya tatu nashika kibwagizo, kufika Ijumaa kuna mstari mmoja unanifuata mpaka kwenye daladala. Ikifika Jumapili hakuna mstari ulionifuata, naufuta bila huruma, hata kama kaimba mkubwa gani.

Wiki hii bado niko na Shida, ya tatu mfululizo, mama mkwe anasema nimezidi sasa ila akipita jikoni anaitikia kibwagizo.