Umehamia ng'ambo, hisa zimebaki: namna ya kuzitunza au kuziuza

Hisa mia mbili za kampuni moja, arobaini za nyingine, na hati moja ya karatasi ndani ya bahasha. Mali ya namna hii ni ndogo mno kumfanya mtu akate tiketi ya ndege, lakini si ya kutupwa. Na mara nyingi kinachoiangamiza si kushuka kwa bei sokoni. Ni laini ya simu iliyozimwa, akaunti ya benki iliyofungwa, na anwani ya nyumba ambayo sasa anakaa mtu mwingine. Kampuni inaendelea kulipa, malipo yanarudi, na miaka ikipita jina lako linaingia kwenye orodha ya wenye hisa wasiojulikana walipo.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ni jambo kubwa kuliko yote hapa. Akaunti ya benki na namba ya simu hufungwa mwisho, baada ya hisa kushughulikiwa. Wengi huanza na benki kwa kuwa ndiyo rahisi kufunga, kisha hugundua kwamba fedha za mauzo haziwezi kulipwa popote ila kwenye akaunti ile ile.

Jua unachomiliki na kimekaa wapi

Hisa zinaweza kuwa za karatasi, na hapo mlango wako ni msajili wa hisa wa kampuni, yaani anayetunza daftari la wenye hisa. Zinaweza kuwa za kielektroniki kwa jina lako katika hifadhi kuu ya soko, na hapo unapitia kwa dalali. Zinaweza pia kuwa zimeandikwa kwa jina la dalali mwenyewe kwa niaba yako. Hapo kampuni haikujui kabisa, hivyo kumwandikia msajili ni kupoteza muda. Kuna na zile za mpango wa wafanyakazi, au wa kugeuza magawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa) kuwa hisa mpya, ambazo husimamiwa na msajili au kampuni maalumu. Ukikosea mlango, barua yako inajibiwa baada ya wiki kadhaa kwamba hupo kwenye daftari lao, nawe unadhani hisa zimepotea.

Kama kumbukumbu zimepotea, anzia kwenye taarifa za zamani za benki. Gawio huingia likiwa na jina la kampuni au la msajili wake, na kiasi chenyewe kinakwambia idadi ya hisa. Chukua mfano: umeingiziwa 95, kodi iliyokatwa ni asilimia 5, na kampuni ilitangaza gawio la 0.50 kwa kila hisa. Gawanya 95 kwa 0.95 upate 100, kisha 100 kwa 0.50: ulikuwa na hisa 200 siku daftari la wanaostahili gawio hilo lilipofungwa. Halafu tafuta kilichoipata kampuni tangu hapo. Hisa 100 zilizogawanywa moja kwa kumi sasa ni 1,000. Kampuni iliyomezwa na nyingine huenda imekuachia hisa za jina usilolijua, au fedha taslimu zinazokusubiri kwa msajili.

Andika karatasi moja kwa kila hisa: namba ya mwenye hisa au ya akaunti ya hifadhi, jina kama lilivyoandikwa herufi kwa herufi, kitambulisho kilichotumika, benki inayopokea gawio, anwani, simu na barua pepe zilizosajiliwa, tarehe ya kununua na bei. Usiweke nywila hapo.

Rudisha mawasiliano

Simu ndiyo ya kwanza. Dalali na benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini iliyosajiliwa, na laini isiyotumika hufungwa, kisha inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Iweke hai kwa kuiongezea salio mara kwa mara, au badili namba mapema wakati ile ya zamani bado inapokea ujumbe. Kuibadili baada ya kuzimika kunakulazimu kuthibitisha utambulisho wako upya kwa hati zilizoidhinishwa na wakili.

Pili ni barua pepe, na hapo watu huteleza kwa kuacha ile ya kazini au ya chuo. Tatu, agizo la kulipa gawio benki. Hundi ya gawio iliyotumwa ng'ambo haina faida kwako: benki nyingi za nje hazipokei, na zinazopokea hutoza ada inayoweza kuizidi thamani yake.

Kinachorudisha fomu nyingi kuliko vyote ni saini. Msajili hulinganisha saini yako ya leo na ile ya siku ulipofungua akaunti. Kama umebadili saini, usiige ya zamani kwa kubahatisha. Omba fomu ya kubadili saini, ambayo huambatana na uthibitisho wa benki au wakili. Vivyo hivyo kwa jina lililobadilika baada ya ndoa: peleka nakala ya cheti iliyothibitishwa kabla ya ombi jingine lolote, la sivyo maombi yote yatakwama pamoja.

Kisha mwambie dalali kwamba umehama. Inavutia kunyamaza, kwa kuwa baadhi yao huzuia wateja wa nje wasinunue tena, wakabaki na ruhusa ya kuuza tu. Hata hivyo nchi zaidi ya mia moja hubadilishana taarifa za akaunti za fedha chini ya utaratibu wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, na fomu ya kueleza ni nchi gani unailipia kodi ni tamko la kisheria. Akaunti ikionyesha kwamba wewe ni mkazi wa nyumbani, wakati unaiingia ukiwa ng'ambo, hufungiwa hadi maelezo yapatikane. India, kwa mfano, inataka akaunti ya kawaida ya hisa igeuzwe kuwa ya mkazi wa nje. Haitoshi kubadili anwani tu.

Kodi ina pande mbili

Nchi ya kampuni hukata kodi ya zuio kabla gawio halijakufikia, na kiwango hubadilika ukishakuwa mkazi wa nje. Kenya humkata mkazi asilimia 5 na asiye mkazi asilimia 15 kwa kawaida. Marekani hukata asilimia 30 kwa mgeni, isipokuwa mkataba wa kodi umepunguza na amejaza fomu W-8BEN, ya kutamka kwamba si mkazi wa huko kikodi. Fomu hiyo hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka wa kusaini: ukisaini Machi 2025, inaisha tarehe 31 Desemba 2028, na usipoijaza tena kiwango kinapanda bila taarifa ya maana. Uingereza haikati kitu kwenye gawio la kampuni ya kawaida. Uswisi hukata asilimia 35, na mikataba mingi hubakiza 15, lakini hizo 20 lazima uzidai mwenyewe ndani ya miaka 3. Kwa hisa chache, gharama ya cheti cha ukazi na posta inaweza kuimaliza hela yote unayoidai. Hapo ni busara kuiacha.

Nchi unayoishi nayo kwa kawaida hutaka utangaze gawio zima, si kile kilichobaki, kisha hukupunguzia kwa kodi iliyokwisha kukatwa. Punguzo hilo huishia kwenye kiwango cha mkataba. Ukikatwa 30 wakati mkataba unasema 15, ile 15 ya ziada haifutwi na mamlaka ya unakoishi. Kwa hiyo kurekebisha fomu upande wa kampuni ni bora kuliko kulalamika upande wa pili.

Kwenye mauzo, kitu kinachosahaulika ni bei ya kuanzia. Canada na Australia kwa ujumla huhesabu kwamba uliinunua hisa kwa bei ya soko ya siku ulipoanza kuwa mkazi wao. Marekani na Uingereza hurudi kwenye bei uliyolipa hasa. Hifadhi zote mbili: risiti ya kununua, na bei ya kufunga soko ya siku uliyohamia, pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hizo. Hesabu hufanywa kwa fedha ya unakoishi. Ulinunua kwa 1,000 wakati 100 ni sawa na 1 ya huko, ukauza kwa 1,500 wakati 150 ni sawa na 1: kwa fedha ya nyumbani umepata faida ya 500, kwa ya huko hujapata kitu.

Tahadhari tatu ambazo kuzijua mapema ni nafuu. Anayeishi Marekani akiwa na akaunti za nje zilizofikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, ikiwamo akaunti ya dalali, lazima azitangaze kwa fomu ya FBAR, hata kama hazikuzaa faida. Huko huko, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa nje huangukia kanuni za kodi za PFIC, zinazohusu mifuko na kampuni za uwekezaji za nje, ambazo ni kali na ghali kuzijaza. Vipande hivyo ni vema viuzwe kabla ya kuhamia huko. Na aliyeondoka Uingereza, akauza, kisha akarudi ndani ya miaka 5, anaweza kutozwa kodi ya mauzo yale mwaka anaporudi.

Hesabu ya kubaki nazo au kuuza

Tuseme hisa zako zina thamani ya 300 na gawio ni asilimia 4, yaani 12 kwa mwaka. Kodi ya asilimia 15 inachukua 1.80. Ada ya kutunza akaunti ni 5. Zinabaki 5.20. Kama kutuma fedha nje kunagharimu 15, gawio hilo halitoki kamwe mpaka likusanyike karibu miaka 3 kulipia safari yake tu. Ada hizi ni zile zile kwa mwenye hisa 50 na mwenye hisa 50,000, na hapo ndipo mdogo anapoumia. Kipimo tunachopendekeza: gharama zisizobadilika zikizidi theluthi ya gawio baada ya kodi, uza, au kusanya hisa zote kwa dalali mmoja ili ulipe ada moja. Usisahau kuhesabu saa unazotumia kujaza fomu za kodi.

Ukiamua kuuza, hisa za karatasi huingizwa kwanza kwenye mfumo wa kielektroniki. Tenga wiki kadhaa. Hati ikipotea, msajili atataka kiapo na dhamana ya kumlinda iwapo hati itajitokeza mikononi mwa mwingine, na dhamana hiyo mara nyingi hulipiwa. Wasajili wa Marekani huomba muhuri wa dhamana ya saini unaoitwa medallion, ambao hautolewi na wakili wa kawaida bali na benki na madalali waliomo kwenye mpango huo. Kuupata ukiwa nje ni kazi, kwa hiyo anayeondoka Marekani na afanye uhamisho wake kabla ya safari.

Toa agizo lenye bei ya chini kabisa utakayokubali. Hisa isiyouzwa sana inaweza kuporomoka kwa agizo la "uza kwa bei yoyote", hata kama ni dogo. Angalia pia ukubwa wa fungu: soko linalouza kwa mafungu ya 100 litauza 100 kati ya hisa zako 137, na zile 37 zitabaki kwenye soko la mabaki lenye bei duni. Fedha hutua baada ya siku moja ya kazi Marekani, tangu 28 Mei 2024, na siku mbili katika masoko mengi mengine. Kabla ya kuuza, iulize benki inahitaji hati gani ili kuzituma nje. Ikitaka cheti cha kodi, ombi la cheti ndilo linaloanza.

Mtu wa kukusaidia

Kumpa ndugu nywila ni kosa, hata awe mwaminifu kiasi gani: muamala ukienda kombo, kisheria ni wewe uliyeufanya. Mpe hati ya uwakala inayotaja akaunti kwa namba, kazi anazoruhusiwa na tarehe ya kuisha, na iseme wazi kwamba fedha zitalipwa kwenye akaunti yenye jina lako pekee. Hati iliyosainiwa nje huthibitishwa na wakili, kisha hupewa apostili, yaani cheti cha kuifanya itambuliwe nje, ikiwa nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961. Kama sivyo, hupitia ubalozini. Mwulize msajili kwanza kama ana fomu yake mwenyewe, kwani wengine hukataa iliyoandikwa na wakili wako.

Ukibaki nazo

Ingia kwenye akaunti walau mara moja kwa mwaka na udai gawio lolote lililorudi. India huhamishia hisa zenyewe kwenye mfuko wa serikali gawio lisipodaiwa miaka 7 mfululizo; majimbo mengi ya Marekani hungoja miaka 3 hadi 5; kampuni nyingi za Uingereza hufuta gawio baada ya miaka 12. Toleo la haki ya kununua hisa mpya hudumu wiki chache tu: kama hutaki kununua, iuze haki hiyo inaporuhusiwa, kwa sababu ukinyamaza unaweza kupoteza thamani yake yote.

Akikupigia mtu asiyejulikana akijua idadi ya hisa zako, usishangae, maana madaftari ya wenye hisa katika nchi kadhaa yako wazi. Akisema atakununulia kwa bei ya juu ukishalipa ada kwanza, kata simu, kisha mtafute msajili kwa namba iliyo kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni.

Mwisho, ile karatasi moja kwa kila hisa mpe nakala mtu atakayesimamia mirathi yako. Mamlaka ya mahakama ya nchi moja hayakubaliki moja kwa moja na msajili wa nchi nyingine, na warithi wanaweza kulazimika kufungua shauri la pili kwa ajili ya hisa arobaini. Kama mfumo unaruhusu kuandikisha mteule, yaani mtu wa kukabidhiwa hisa ukifariki, jaza fomu hiyo leo; huwa ni ukurasa mmoja na saini ya shahidi.